Mtoto Anaposhtuka Usingizini: Lipi ni la Kawaida, Lipi ni la Kukimbilia Hospitali

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Iringa)

 

Tumezoea kukutana katika ukumbi huu kuzungumzia visima, mbegu za miti, ng'ombe wa maziwa na taarifa za fedha. Leo tumeomba nafasi ya kuzungumza jambo linaloonekana dogo, lakini linatokea katika kila nyumba yenye mtoto. Tumelichagua kwa sababu katika jambo hili sisi wenyewe wa ofisi ya miradi tulikosea mara mbili. Tunaona ni vema kamati zisikie makosa hayo kutoka kwetu kabla hatujaendelea na semina za mwaka huu.

Jambo lenyewe mnalijua. Mama yuko shambani anapalilia mahindi, mtoto yuko mgongoni ndani ya kitenge. Mtoto anaanza kusinzia. Mara mama anahisi amepigwa teke mgongoni. Mikono ya mtoto imeruka, miguu imejikunja, halafu kimya. Baada ya dakika moja anashtuka tena. Mama anaacha jembe na kujiuliza: huyu ameota? Ameonewa na mtu? Ni degedege? Au ndiyo mwanzo wa kifafa?

Akirudi nyumbani anauliza. Jirani anasema hivi, shangazi anasema vile, na wakati mwingine mtoto ambaye hana ugonjwa wowote anaanza kunyweshwa dawa za mizizi na kufukizwa moshi.

Makosa yetu mawili

Katika semina zetu za kwanza za afya ya mama na mtoto tulifundisha kwa nia njema kwamba mtoto akishtuka au akitikisika apelekwe hospitali mara moja. Hatukueleza zaidi. Bibi mmoja wa kijiji cha milimani, upande wa Kilolo, alitusikia vizuri sana. Mjukuu wake wa miezi miwili aliposhtuka usingizini, bibi alimfunga mgongoni akateremka naye kwa miguu asubuhi ya mvua na baridi. Walipofika zahanati mtoto alipimwa akakutwa mzima. Alikuwa anashtuka kama watoto wote wanavyoshtuka. Lakini alikuwa amelowa, na kikohozi alichokipata njiani kilimsumbua kwa majuma mawili. Bibi yule alituambia bila hasira, "Ninyi mlisema twende." Tulikosa jibu.

Basi tukajirekebisha. Katika semina zilizofuata tulisema kwamba kushtuka usingizini ni jambo la kawaida, msiogope. Akina mama walifurahi, nasi tukafurahi. Haukupita muda mrefu, mama mmoja wa bonde la Pawaga, ambako mnajua mbu ni wengi kuliko huku juu, alikuwa na mtoto wa miaka miwili. Usiku mtoto akaanza kutikisika mwili mzima. Mama alikumbuka semina, akasubiri. Jirani aliyeingia kuazima kiberiti ndiye aliyemgusa mtoto akakuta mwili unawaka moto, macho yamegeuka, na akiitwa haitiki. Walimpakia kwenye pikipiki. Ilikuwa malaria kali. Tunamshukuru Mungu mtoto alipona, na leo anakimbia. Lakini sisi ofisini hatukulala vizuri kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo tulijifunza kwamba somo hili haliwezi kufundishwa nusu. Ukimwambia mama "ogopa" bila kumweleza, unamchosha na kumtia hofu ya bure. Ukimwambia "usiogope" bila kumweleza, unaweza kumchelewesha mtoto mgonjwa. Mama anahitaji yote mawili kwa pamoja, na anahitaji njia ya kutofautisha.

Kwa nini mtoto hushtuka

Tuanze na lile la kawaida.

Mtoto mchanga hulala takriban saa 14 hadi 17 kwa siku. Karibu nusu ya usingizi wake ni ule ambao wataalamu huuita usingizi wenye pilika. Mwili umelala lakini ubongo unafanya kazi. Macho huzunguka chini ya kope, midomo hutabasamu au hunyonya, pumzi huenda mbio kisha hupungua, na vidole, mikono na miguu huruka-ruka. Usingizi wa namna hii ulielezwa kitaalamu mwaka 1953 na watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman. Na njia yao ilianzia hapo hapo tunapozungumzia leo: Aserinsky alianza kwa kutazama macho ya watoto wachanga waliolala.

Kwa mtu mzima, usingizi huo unapokuja, sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, huzuia misuli isifuate ndoto. Kwa mtoto mchanga kizuizi hicho bado hakijakomaa, hivyo miruko mingi hupita. Zamani watu wengi walidhani miruko hiyo ni ndoto tu zinazovuja. Lakini mtafiti Mark Blumberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wamechunguza kwa miaka mingi watoto wa panya na pia watoto wa binadamu wakiwa wamelala, nao wanaeleza jambo la kututia moyo. Miruko hiyo inaonekana ni sehemu ya kujifunza. Msuli mmoja unaruka, kisha habari za mruko huo zinarudi kwenye ubongo, nao unaanza kutambua kwamba huu ni mkono, hili ni goti, hiki ni kidole.

Ninyi wajumbe wa kamati za ujenzi mtaelewa haraka. Fundi umeme akimaliza kutandaza nyaya kanisani hawashi taa zote kwa pamoja akaondoka. Huwasha moja, akaangalia, akazima, akaenda kwenye nyingine, mpaka ajue swichi ipi inawasha taa ipi. Mtu anayepita nje usiku akiona taa zinawaka na kuzimika anaweza kudhani kuna hitilafu, kumbe fundi yuko kazini. Mwili wa mtoto aliyelala unapimwa kwa namna hiyo.

Kuna aina nyingine ya kushtuka. Ukimlaza mtoto mchanga ghafla, au mlango ukigongwa, hufungua mikono yote miwili kama anayetaka kukumbatia, kisha huirudisha kifuani, na mara nyingi hulia. Hii iliandikwa mwaka 1918 na daktari wa watoto Ernst Moro wa Heidelberg, Ujerumani, na mpaka leo hujulikana kwa jina lake. Manesi huiangalia mtoto anapozaliwa, kwa sababu ikikosekana ndipo huwa na wasiwasi. Kwa kawaida hutoweka mtoto akifikisha miezi 4 hadi 6.

Wapo pia watoto wachanga ambao hurusha mikono na miguu kwa mfululizo wanapolala, kiasi kwamba hata mhudumu mzoefu anaweza kudhani ni kifafa. Mwaka 1982 madaktari Coulter na Allen wa Marekani walieleza hali hiyo na kuonyesha kwamba haina madhara. Huanza katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa, hutokea usingizini tu, hukoma mtoto akiamshwa, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi sita ya kwanza. Watoto hao hawahitaji dawa za kifafa.

Na watoto wakubwa kidogo, wa miaka miwili, mitatu, minne? Hao hushtuka zaidi pale wanapoanza kusinzia, kama sisi watu wazima. Nani hapa hajawahi kusinzia kwenye basi la kutoka Mbeya akashtuka kama anayeanguka shimoni, mpaka abiria wa pembeni akamtazama? Ubongo unaingia usingizini, misuli inalegea, na katika makabidhiano hayo mwili huruka mara moja. Uchovu huzidisha hali hiyo. Mtoto aliyecheza kutwa nzima, au aliyecheleweshwa kulala kwa sababu ya ugeni, atashtuka zaidi usiku huo. Dawa yake ni kumlaza mapema.

Maswali matatu ya kujiuliza

Sasa tunawaomba mchukue kalamu, kwa sababu haya ndiyo mtakayoyapeleka sharikani na mitaani.

Swali la kwanza: Je, hutokea usingizini tu? Kama mtoto hushtuka tu anaposinzia au akiwa amelala, na akiwa macho yuko sawa, hiyo ni dalili njema. Kama hutokea pia akiwa macho, akinyonya au akicheza, mpelekeni akaonwe.

Swali la pili: Je, ukimwamsha, hukoma? Mgusie shavu, mwite jina, mnyanyue polepole, mbadilishe nepi. Usimtikise kwa nguvu hata kidogo, maana kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kumuumiza ubongo. Miruko ya kawaida hukoma mara mtoto anapoamka. Degedege na kifafa havikomi kwa kuitwa. Wengine hujaribu kumshika mkono ili wauzuie usiruke. Kwa miruko ya usingizini njia hiyo hupotosha, kwa sababu wakati mwingine kumshika huizidisha. Kipimo ni kumwamsha.

Swali la tatu: Je, mtoto mwenyewe ni mzima? Ananyonya au anakula vizuri? Hana homa? Anatazama, anacheka, anakua kwenye kadi ya kliniki? Kama ndiyo, na majibu ya maswali mawili ya kwanza ni mazuri, mlaze. Siku ya kliniki mwelezeni nesi. Kama kuna simu yenye kamera, chukueni picha ya video ya mtoto akishtuka mkamwonyeshe. Siku hizi picha hiyo humsaidia mhudumu kuliko maelezo ya saa nzima, kwa sababu mtoto akifika zahanati huwa yuko macho na hashtuki tena.

Dalili za kutosubiri asubuhi

Mtoto apelekwe kwenye huduma bila kuchelewa, hata kama ni usiku, akiwa na mojawapo ya haya:

Anatikisika na akiitwa au kuguswa haamki. Macho yamegeuka, mdomo umekaza au unatoa povu, au rangi ya midomo imebadilika. Ana homa pamoja na kutikisika. Baada ya kutikisika analegea na hatambui watu. Hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Na kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, homa peke yake au kukataa kunyonya peke yake ni sababu tosha ya kuondoka nyumbani.

Kuna dalili moja ambayo wengi huidharau kwa sababu inaonekana ya kawaida. Mtoto, hasa wa miezi kati ya 3 na 12, akiamka anainamisha kichwa ghafla na kurusha mikono, ananyooka, kisha anarudia tena na tena, kila baada ya sekunde chache, kama anayeinama kusalimia. Mwaka 1841 daktari mmoja wa Uingereza, William James West, aliandika barua katika jarida la The Lancet akieleza hali hiyo aliyoiona kwa mtoto wake mwenyewe, akiwaomba madaktari wenzake msaada. Ni ugonjwa wa ubongo unaohitaji tiba mapema, kwani mtoto anaweza kupoteza alichokwisha kujifunza: aliyekuwa akicheka anaacha kucheka, aliyekuwa akikaa anashindwa kukaa. Mkiona hivyo, msikubali kuambiwa "ataacha akikua" bila daktari kumwona.

Wakati mtoto anatikisika, mlazeni ubavu mahali salama, mbali na moto. Legezeni nguo shingoni. Msimwekee kijiko wala kidole mdomoni, na msimnyweshe chochote. Angalieni saa. Kama ni mara yake ya kwanza, au kama imepita dakika tano hajatulia, ni dharura. Kama ana homa, mvueni mablanketi mazito, lakini msimtumbukize kwenye maji ya baridi.

Kuhusu degedege na kifafa

Tunajua wazee wetu wanavyosema: degedege ni dege, ndege mkubwa anayepita usiku juu ya nyumba, na kivuli chake kikimwangukia mtoto ndipo mtoto hupapatika. Tunawaheshimu wazee. Waliona sawasawa kwamba ni jambo la ghafla na la kutisha. Lakini mara nyingi kinachopita usiku ni mbu. Homa kali, malaria na uti wa mgongo ndivyo vinavyowaletea degedege watoto wengi wa umri kati ya miezi sita na miaka mitano. Na lile neno kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, tunaomba liachwe kabisa. Watoto hufa kwa kucheleweshwa. Wale waliofikishwa hospitali saa za mwisho walichomwa sindano ikiwa imechelewa, na sindano ikabeba lawama.

Kuhusu kifafa tuna mfano wa karibu. Ng'ambo ya bonde la Kilombero, kule Mahenge ya wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Alikuta watu waliotengwa na jamaa zao, wengi wakiwa na makovu ya moto. Walikuwa wameangukia motoni wakati wa kifafa, na watu waliogopa kuwagusa kwa kudhani mate yao huambukiza. Alipoanza kuwapa dawa mara kwa mara, wengi walipata nafuu, wakarudi mashambani na katika familia zao. Kifafa hakiambukizi kwa mate. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Iringa yetu ni ya baridi, moto uko katikati ya jiko, watoto wanaota moto jioni. Makovu ya namna hiyo yapo katika sharika zetu pia, nanyi mnayajua.

Ndiyo maana jina hili lisitolewe ovyo. Mtoto aliyeshtuka usingizini akiwa na miezi miwili, akaitwa "yule wa kifafa," jina hilo humfuata. Wenzake hawataki kula naye, na wakati wa kuandikishwa darasa la kwanza mzazi anasita. Wakati huo huo, mtoto mwenye kifafa cha kweli amefichwa chumba cha ndani na hana dawa. Tunawakosea wote wawili kwa kutotazama vizuri.

Tunachowaomba

Kwa kamati za sharika, tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila usharika uchague akina mama wawili na baba mmoja watakaojifunza somo hili lote, yaani la kawaida na la hatari pamoja, kwa kushirikiana na wahudumu wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tumesema baba kwa makusudi, maana usiku mwenye fedha ya nauli mara nyingi ni yeye. Pili, kila mtaa uwe na mfuko mdogo wa nauli ya dharura na namba ya simu ya mwenye pikipiki anayekubali kuamshwa. Mama akijua dalili zote lakini hana nauli, elimu yetu haijamfikisha popote. Tatu, mfahamu ni kaya zipi zina mtoto mwenye kifafa, ziende zikatembelewe, na mtoto asaidiwe kufika kliniki na shuleni.

Kwa marafiki wetu mnaochangia, tunajua mambo haya hayana jiwe la msingi la kuzindua wala jengo la kupiga picha. Tunaomba vipimajoto kwa ajili ya vikundi vya akina mama, vyandarua kwa sharika za bondeni, na kianzio cha mifuko ya nauli ambayo sharika zenyewe zitaiendeleza kwa mavuno yao. Taarifa ya matumizi tutaileta hapa hapa, kama kawaida yetu, pamoja na yale yatakayoshindikana.

Tumalizie kwa yule bibi wa Kilolo. Mwaka jana tulimtembelea kumwomba radhi. Mjukuu alikuwa amelala kwenye mkeka karibu naye, amekua, na tulipokuwa tunaongea aliruka mguu mzima usingizini. Tulimtazama bibi tuone atafanya nini. Alimgusa paji la uso, akasikiliza pumzi, akamfunika vizuri, akaendelea kupukuchua mahindi. Kisha akasema, "Huyu analala tu."

Tungependa kila nyumba katika dayosisi yetu iwe na mtu wa kutazama hivyo, na anayejua pia lini aache mahindi ainuke.